Kinyonga Amesingiziwa: Kwa Nini Hasa Anabadili Rangi

Mwanasiasa akihama chama asubuhi na kurudi jioni, anayetukanwa ni kinyonga. Mchumba akikana ahadi, rafiki akigeuka, bosi akisema hili mbele ya wafanyakazi na lile mbele ya wakaguzi, wote huitwa vinyonga, na mnyama mwenyewe hajawahi hata siku moja kuitwa ajitetee. Shtaka limejengwa juu ya dhana ambayo wengi wetu tuliipokea tangu utotoni bila kuihoji, kwamba kinyonga huchukua rangi ya kitu chochote anachokikanyaga: juu ya jani ni kijani, kwenye udongo ni mwekundu, ukutani ni mweupe. Kwa hiyo ni mnafiki, hana msimamo, anafuata upepo. Nataka kumtetea, kwa sababu ushahidi uliokusanywa juu yake, hasa katika miongo miwili hivi iliyopita, unatuonyesha mnyama wa aina nyingine kabisa, ambaye hawezi kuficha hasira yake, wala mapenzi yake, wala hata usingizi wake, kwa kuwa vyote huonekana kwenye ngozi.

Dhana ya kukanyaga ni rahisi kuijaribu. Mchukue kinyonga wa kawaida wa mashambani kwetu, yule wa kijani mwenye mapindo ya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye wanasayansi humwita Chamaeleo dilepis na ambaye hupatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, umweke juu ya kanga nyekundu yenye maua meupe. Hatageuka kanga. Hatatoa maua, hatatoa pindo, wala jina la kanga halitajiandika ubavuni mwake. Atakachofanya ni kujibana mwili hadi awe bapa, kujijaza hewa, kuyainua yale mapindo ya shingoni na kuvimbisha koo mpaka ngozi ya rangi ya chungwa iliyojificha katikati ya magamba ionekane. Kisha atafungua mdomo, ambao ndani yake nako ni rangi ya chungwa, na kufoka. Madoa meusi yatajitokeza mwilini, na aliyesimama pembeni atapiga kelele, “Mmeona? Amebadilika!” Ni kweli amebadilika, lakini kanga haihusiki. Amebadilika kwa sababu amekamatwa na kiumbe mkubwa mno kuliko yeye, akaondolewa kwenye tawi lake na kuwekwa peupe mbele ya watu wanaomshangilia, na anachosema kwa mwili wake wote ni kwamba amekasirika, anaogopa, na anaomba aachwe.

Kosa hili la kumsoma vibaya ni la zamani sana. Mrumi aitwaye Pliny, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba kinyonga huchukua rangi ya kitu kilicho karibu naye isipokuwa nyekundu na nyeupe, na akaongeza kuwa mnyama huyo hali kitu chochote ila hewa. Hilo la hewa linachekesha mara moja, maana yeyote aliyewahi kumwona kinyonga akimnasa panzi kwa ulimi unaoweza kuzidi urefu wa mwili wake anajua kwamba hewa haijawahi kumshibisha. Lile la rangi ndilo lililodumu. Mgiriki Aristotle, aliyemtangulia Pliny kwa zaidi ya karne tatu, alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu yeye aliona kuwa mnyama hubadilika anapojijaza hewa, yaani aliitazama hali ya kinyonga mwenyewe kabla ya kutazama kilicho chini ya miguu yake. Siku hizi dhana ya Pliny hupewa nguvu na video fupi za kinyonga anayegeuka buluu akishika miwani ya buluu na waridi akishika ya waridi. Video za namna hiyo hutengenezwa kwa kompyuta.

Huku kwetu kosa la kwanza la kinyonga halikuwa hata la rangi. Katika simulizi za Wakamba na za Wazulu, na za jamii nyingine nyingi za Kibantu, kinyonga alitumwa na Mungu awapelekee watu habari kwamba hawatakufa moja kwa moja, akachelewa. Kwa Wakamba alifika, ila akawa anayarudiarudia maneno ya mwanzo, “Niliambiwa… niliambiwa…”, hadi ndege akamkatiza na kutangaza kifo. Kiumbe aliyebebeshwa mzigo wa vifo vyetu vyote hawezi kupokelewa kwa shangwe kijijini, na hadi leo wako watoto wanaompiga mawe na watu wazima wanaoamini kuwa ana sumu. Hana sumu. Akiuma, hubana kidole tu.

Kwa haki, lazima niseme kwamba kinyonga anajificha, tena kwa ustadi mkubwa. Ila sehemu kubwa ya kujificha huko haitokani na kubadilika. Vinyonga wa mitini huwa kijani wakitulia kwa sababu mababu zao waliofanana na majani ndio ambao ndege hawakuwaona, wakaishi na kuzaa. Katika misitu ya Usambara na Uluguru wako vinyonga wadogo wa ardhini, wenye mkia mfupi, ambao hawana rangi nyingi za kujivunia: wao mara nyingi ni kahawia ya jani kavu, na wakishikwa mkononi hutetemesha mwili mzima badala ya kuwaka. Mwendo nao husaidia. Kinyonga huinua mguu, akayumba mbele, akayumba nyuma, akafikiri, kisha akautua, na mtu mwenye haraka humcheka. Lakini katikati ya majani yanayotikiswa na upepo kuyumba huko ndiko kunakomfanya asionekane kabisa.

Basi ile rangi inayobadilika inatoka wapi? Ngozi ya kinyonga imepangwa kwa matabaka. Karibu na juu kuna seli zenye pigmenti ya njano, na kwa baadhi ya vinyonga zipo pia zenye pigmenti nyekundu. Chini yake kuna seli zilizojaa vijifuwele vya guanini, kemikali ambayo ni moja ya herufi nne za DNA na ambayo pia huyapa magamba ya samaki mng’ao wa fedha. Chini zaidi kuna seli za melanini, pigmenti nyeusi ya jamii ileile iliyo katika ngozi na nywele zetu, na seli hizi zina matawi marefu yanayopenya kwenda juu katikati ya nyingine. Melanini ikikusanyika katikati ya seli, ngozi huonekana angavu. Ikisambazwa hadi kwenye ncha za matawi, ngozi huingia giza. Kazi hiyo huendeshwa na mishipa ya fahamu, ndiyo maana hasira ya kinyonga huonekana mara tu inapompanda.

Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba mabadiliko yote ya kinyonga hutokana na pigmenti kusambaa na kukusanyika namna hiyo. Maelezo hayo yanatosha kwa kuiva na kufifia, lakini hayatoshi kwa dume la kinyonga Furcifer pardalis wa Madagaska, ambalo likimwona mpinzani hutoka kwenye kijani na kuingia kwenye njano na machungwa kwa dakika chache tu. Mwaka 2015 wanabiolojia na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Geneva, miongoni mwao Michel Milinkovitch, walichapisha jibu, na jibu lilikuwa kwenye vijifuwele.

Vijifuwele hivyo vyenyewe havina rangi. Vimejipanga safu kwa safu ndani ya seli, kwa nafasi zinazolingana, na nafasi hizo ni ndogo kiasi cha kukaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga. Mwanga unapozipiga safu hizo, baadhi ya mawimbi hurudishwa kwa nguvu na mengine hufifia, na kinachoamua yapi yarudi ni umbali kati ya fuwele na fuwele. Kinyonga akiwa ametulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mawimbi mafupi, yaani buluu. Buluu hiyo ikipita kwenye pigmenti ya njano iliyo juu yake, jicho letu huona kijani. Hapa nakuomba msomaji usimame kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linastaajabisha: ule ujani ambao kinyonga hushutumiwa kuuazima kwenye majani hauna ndani yake hata chembe moja ya pigmenti ya kijani.

Akichemka, safu hutanuka, mfano wa wanafunzi paredini wanapoamriwa kunyoosha mikono ili wapeane nafasi. Watafiti walikuta kwamba umbali kati ya fuwele katika ngozi iliyotulia ni pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko katika ngozi iliyochemka. Safu zikitanuka, mawimbi marefu zaidi ndiyo hurudishwa, kwa hiyo kijani huwa njano, kisha machungwa, na sehemu zilizokuwa nyekundu hung’aa zaidi. Ili kuthibitisha, walichukua vipande vya ngozi na kuviweka katika maji ya chumvi ya ukali tofauti. Maji yalipotoka ndani ya seli na seli zikasinyaa, fuwele zilisogeleana na rangi ikahamia upande wa buluu, bila ubongo wa kinyonga, bila hasira yake, na bila jani lolote mezani la kuigwa. Chini ya tabaka hilo waliona jingine lenye fuwele kubwa zaidi na zisizo na mpangilio mzuri, ambalo hurudisha sehemu kubwa ya miale ya infraredi, ile miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, na wakalitafsiri kuwa kinga dhidi ya joto.

Mnyama hawezi kubeba mtambo wa namna hii mwilini kwa ajili ya mapambo. Mtambo una gharama, na lazima kuwe na kazi inayoulipa. Kwa maoni yangu ushahidi unaelekea upande mmoja kwa uzito mkubwa: kazi ya kwanza ni mazungumzo, na mazungumzo mazito zaidi ni ya ugomvi na ya mapenzi.

Tuanze na ugomvi. Vinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, ambao wana kilemba kirefu cha mfupa kichwani, wamechunguzwa kwa makini katika jambo hili. Madume mawili yakikutana hayaanzi kwa kuumana. Hugeuziana ubavu, yakajibana ili yaonekane makubwa, yakakunja na kukunjua mikia, huku rangi ikipanda: mistari ya ubavuni inang’aa, kisha kichwa kinang’aa. Mwaka 2013 Russell Ligon na Kevin McGraw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walionyesha kwamba sehemu hizo mbili hazisemi jambo moja. Mng’ao wa mistari ya ubavuni ulitabiri ni dume lipi lingethubutu kumsogelea mwenzake, wakati mng’ao wa kichwa, pamoja na kasi ambayo kichwa hicho kilibadilika, vilitabiri nani angeshinda. Mpangilio huo una mantiki yake, kwa kuwa wakiwa mbali hutazamana ubavu, na wakikaribiana hutazamana uso kwa uso. Utafiti uliofuata wa Ligon ulieleza upande wa anayeshindwa: dume likiona mambo yamelizidi huingia giza, na giza hilo ni tamko la kukubali yaishe, ambalo humwezesha kuondoka bila kuongezewa kipigo.

Laiti ugomvi wa vijiweni ungekwisha hivyo, wanaume wawili wakasimama ubavu kwa ubavu, mmoja akang’aa zaidi, na mwingine akazimika taratibu akaenda zake nyumbani na meno yake yote. Katika hilo sioni unafiki. Kinyonga anayeshindwa hawezi kujifanya ameshinda, kwa sababu ngozi yake imekwisha kutoa matokeo kabla hajafika mbali.

Jike naye ana lake la kusema, na hulisema bila kupindisha. Jike wa Yemeni aliyekwisha kupandwa na kubeba mayai huvaa rangi nyeusi-nyeusi yenye madoa ya njano na buluu, na dume linalokuja na mbwembwe zake zote husomewa uamuzi likiwa bado liko mbali. Lisipoelewa, jike hufungua mdomo, hufoka na kuyumbayumba, na hata lile lenye kichwa kigumu kuliko yote huelewa. Faida ni ya wote wawili: jike halipotezi nguvu kumfukuza mchumba asiyehitajika, na mchumba haumwi bure.

Kwamba mazungumzo haya hufanyika kwa rangi si jambo la kushangaza ukiangalia maumbile ya mnyama mwenyewe. Kinyonga hana tundu la sikio la nje na husikia kwa shida, lakini ana macho mawili yanayozunguka kila moja kwa njia yake na yanayoona rangi kuliko yetu, hadi mwanga wa urujuanimno ambao kwetu ni giza tupu. Tunapomtazama akiwaka tunaona sehemu tu ya anachokisema.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote lilitoka Afrika Kusini, kwa vinyonga wafupi wa jenasi ya Bradypodion, ambao jamaa zao mbalimbali huishi katika makazi tofauti, kuanzia msituni hadi kwenye nyasi na vichaka. Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli waliuliza swali ambalo lingeweza kuumaliza ubishi. Kama uwezo wa kubadili rangi ulikua kwa ajili ya kujificha, basi jamaa zinazoishi penye mandhari ya rangi nyingi ndizo zingepaswa kubadilika zaidi. Kama ulikua kwa ajili ya mawasiliano, basi zinazobadilika zaidi zingekuwa zile ambazo madume yake hujionyesha kwa rangi zinazoonekana waziwazi kwa vinyonga wenzao. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2008, yaliangukia upande wa mawasiliano. Wingi wa rangi za mandhari haukueleza uwezo huo. Ukali wa kujionyesha ndio ulioueleza.

Hata hivyo mwaka huohuo watafiti hao hao, wakishirikiana na Martin Whiting, walitoa matokeo mengine ambayo mtetezi mwaminifu hapaswi kuyaficha. Walimchunguza kinyonga mfupi wa Smith alivyobadilika mbele ya ndege na mbele ya nyoka wa mitini. Mbele ya ndege, ambaye huona rangi vizuri sana, kinyonga alijilinganisha na tawi lake kwa umakini zaidi. Mbele ya nyoka, ambaye uwezo wake wa kutofautisha rangi ni mdogo, alijitahidi kidogo tu, na kwa macho ya nyoka hiyo kidogo ilitosha. Kwa hiyo kubadilika ili kujificha kupo. Lakini tazama kinachoongoza badiliko lenyewe: ni nani anayemtazama. Hata anapojificha, kinyonga bado anafikiria jicho la mwingine.

Kazi ya joto nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu haina fumbo kubwa. Kinyonga ni mtambaazi na hupata joto lake kutoka nje, na ngozi nyeusi hunyonya mwanga zaidi kuliko nyeupe. Kinyonga wa jangwa la Namib, ambaye huishi mchangani na hana mti wa kupanda, asubuhi ya baridi huwa mweusi ili ajipashe moto, na jua likichachamaa huwa kijivu cha kupauka. Jua likimpiga upande mmoja, anaweza kuwa mweusi upande wa jua na mweupe upande wa kivuli, akiwa kinyonga mmoja kwa wakati mmoja.

Kisha kuna usiku. Kinyonga akilala, rangi hupauka mwili mzima, na hapo ndipo sifa yake ya kujificha inapoporomoka kabisa: anayepita msituni na tochi humwona kwa mbali, doa la kupauka kwenye ncha ya kitawi, amekunja mkia na kufumba macho. Ndiyo maana watafiti wa vinyonga wa milima yetu hufanya kazi nyingi usiku. Kilichomponza hapo ni taa ya mwanadamu, kitu ambacho hakikuwepo wakati ngozi yake inaundwa.

Iliyobaki ni safari ya kinyonga wa pembe tatu wa Kenya, Trioceros jacksonii, ambayo hakuna mtafiti aliyeipanga. Mwaka 1972 makumi machache ya vinyonga hao walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa. Walifika wamechoka, mwenye duka akawaachia bustanini wapate nguvu, na wao, kwa mwendo wao uleule tunaoucheka, wakatoroka. Nusu karne baadaye wazao wao wamejaa kisiwani, na mwaka 2022 Whiting na wenzake walichapisha ulinganisho wa madume wa Hawaii na ndugu zao waliobaki Kenya. Wa Hawaii walionyesha rangi angavu zaidi wakigombana na wakitongoza, na hata walipokutanishwa na adui walibaki rahisi zaidi kuonekana. Nchini Kenya dume linalowaka ili livutie jike huvutia pia ndege na nyoka, na waliozidisha mng’ao huliwa kabla ya kuacha watoto wengi; Hawaii hakuna nyoka wa kuwawinda mitini na ndege wa kuwala ni wachache, kwa hiyo waliozidisha mng’ao ndio waliozaa.